Kutoka Dar hadi msitu wa Uluguru: panda SGR, kisha panda mlima kwa miguu

Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu nyingi ziko Kimara, Mbezi na Tabata, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, maji yatatoka lini?" Ratiba ya mgao naweza kukusomea, lakini jibu lenyewe liko juu ya milima ya Uluguru, Morogoro. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam huvutwa kutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, na Ruvu huzaliwa Uluguru. Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua zilipochelewa na mto ukapungua, watu tulihangaika na madumu mitaani usiku na mchana. Aliyekuwa Dar wakati ule hahitaji kusimuliwa.

Kwa hiyo ninapomshauri mteja aende Uluguru, namwambia akalione tangi lake la kwanza, lile ambalo sisi mafundi hatukulifunga. Na siku hizi kufika ni rahisi. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, unaweza kuondoka nyumbani alfajiri, ukapanda mlima kwa miguu hadi msituni, ukarudi kulala kwako. Mimi napendelea kulala Morogoro usiku mmoja, na sababu yake utaiona huko chini.

Msimu

Mvua ya Uluguru inaletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Upepo unakuja na unyevu, unagonga milima, unalazimika kupanda, unapoa, unaacha maji. Ndiyo maana upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, kunanyesha sana kuliko upande huu unaotazama mji. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mlimani zinateleza na ukungu unaweza kufunga kutwa nzima. Kwa mara ya kwanza nenda kati ya Juni na Septemba. Januari na Februari nako kunafaa, ila jua la mchana ni kali sana kabla hujaingia kwenye kivuli.

Tiketi na kiti

Tiketi ya SGR nunua mtandaoni au dirishani, siku kadhaa kabla, hasa kama unakwenda Ijumaa au Jumamosi. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana kituoni watavitazama vyote viwili. Nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Treni za Jumapili jioni kurudi Dar hujaa, na mtu aliyeteremka mlimani magoti yakimtetemeka hapaswi kuanza kutafuta basi Msamvu usiku. Ratiba hubadilika, kwa hiyo iangalie upya siku moja kabla ya safari.

Panda treni ya kwanza ya asubuhi. Kama unakaa Gongo la Mboto, Ukonga au Chanika, huna haja ya kwenda hadi Stesheni mjini. Pandia Pugu, ila hakikisha treni uliyokata inasimama hapo, kwa sababu zile za haraka hupitiliza. Fika kituoni mapema, kuna ukaguzi wa mizigo. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Beba begi la mgongoni.

Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, chukua cha dirishani upande wa kushoto unapoelekea Morogoro. Milima itakuja upande huo. Kabla ya hapo, fuatilia majina ya vituo: baada ya Soga kuna Ruvu, kisha Ngerengere. Hayo mawili ya mwisho ni majina ya mito, na mito yote miwili inatoka huko unakokwenda. Mto Morogoro unashuka kutoka mlimani kupita mjini, unaingia Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu. Ruvu unafika Mlandizi, na kutoka Mlandizi bomba linakuja Kimara. Waonyeshe watoto daraja la Ruvu mkiwa safarini, watashika somo bila ubao. Treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo usisubiri kuambiwa "tumefika", utakuta mmeshapita.

Ukipita Ngerengere anza kutazama kushoto. Kwanza utaona kama wingu zito limekaa chini. Likikaribia utaona mistari ya mabonde, halafu rangi mbili: chini kahawia na kijani kibichi cha mashamba, juu kijani kilichokolea hadi kinakaribia weusi. Mpaka kati ya rangi hizo ndio mpaka wa hifadhi. Ukumbuke, maana saa chache baadaye utasimama juu yake.

Kibali na mwongozaji

Kituo cha SGR Morogoro kipo Kihonda, nje kidogo ya mji. Hapo nje kuna bajaji, bodaboda na daladala za kwenda Msamvu na mjini kati. Patana bei kabla ya kukaa.

Msitu wenyewe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ulipewa hadhi hiyo mwaka 2008, na una ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuingia kuna kiingilio, na viwango vya raia, mkazi na mgeni vinatofautiana. Malipo ni ya serikali: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapata risiti. Kama safari yako ni ya Jumamosi au Jumapili, piga simu na umalize jambo hili siku ya kazi, uje na risiti yako tayari.

Chukua mwongozaji. Hili silitoi kama ushauri wa hiari. Njia za mashambani zinagawanyika kila hatua mia, nyingine zinaishia mlangoni kwa mtu, nyingine kwenye mteremko mkali wa kutumbukia. Ukungu ukishuka huoni hatua kumi mbele. Na zaidi ya kupotea, kuna sehemu za msitu ambazo Waluguru wanaziheshimu kwa ajili ya mizimu yao. Wewe mgeni utazijuaje? Uliza ofisi ya hifadhi au vikundi vya utalii wa kitamaduni mjini wakupe kijana au mama anayetoka vijiji vya huko juu. Mtu wa huko anasalimiana na kila mnayepishana naye, na wewe unapita ukiwa mgeni wa mtu.

Kupanda

Kwa mara ya kwanza nashauri njia ya Morningside, inayoanzia mjini upande wa Boma. Morningside ni eneo lenye nyumba ya zamani ya mawe iliyojengwa enzi za Wajerumani, juu ya mji, karibu na ukingo wa msitu. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili hadi tatu kupanda. Dereva wa bodaboda atakwambia anaweza kukupeleka mbali kwa pikipiki. Mkatalie kwa adabu. Ukipanda kwa pikipiki unafika, ila huoni mlima unavyobadilika, na kilichokuleta ni hicho.

Anza saa tatu asubuhi, isizidi. Nenda pole tangu hatua ya kwanza, hata kama njia mwanzoni ni pana na nyepesi. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari na sisi wa Dar tumezoea tambarare, kwa hiyo mapaja yataanza kulalamika mapema. Kanuni yangu ni moja: ukishindwa kuongea huku unapanda, unakwenda mbio mno. Simama, geuka, tazama mji chini. Utauona unapungua kila unapogeuka.

Asubuhi hiyo mtapishana na akina mama wanashuka. Wamebeba kichwani matenga ya ndizi, magimbi, karoti, wengine mapapai, wanapeleka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la utemi wa Waluguru wa Kinole, watu waliosifika kwa kuleta mvua, na mji umelipa soko lake jina hilo. Wapishe upande wa mlima, wewe usimame, wao wapite. Mwenye mzigo kichwani hawezi kusimama kwenye mteremko kisha akaondoka tena kirahisi. "Shikamoo mama" kwanza, pole ya mzigo baadaye, na picha usipige mpaka uombe.

Pembeni mwa njia kuna mashamba yaliyolala kwenye miteremko mikali ajabu. Baadhi yana matuta yaliyokatwa kama ngazi, na migomba au miti imeachwa kushika udongo. Mengine yamelimwa moja kwa moja kufuata mteremko. Watu wa mjini wakiona hivyo huanza kuwahubiria wakulima. Nakuomba usifanye hivyo. Waingereza waliwahi kulazimisha matuta hapa kwa amri na adhabu, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakaamka, zikatokea ghasia, mpango ukafa. Matuta unayoyaona sasa, wenyewe wameyachimba kwa kuona faida yake. Uliza swali, sikiliza jibu. Utajifunza pia kwamba Waluguru wanafuata ukoo wa mama na ardhi hurithiwa kwa upande huo, na kwamba mwanamke unayemkuta shambani mara nyingi ndiye mwenye neno.

Hapa nina zoezi moja, nalo ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote. Beba chupa mbili tupu zinazoonyesha ndani. Mkivuka kijito kilichopita katikati ya mashamba, jaza ya kwanza. Ya pili itunze mpaka juu.

Ukingoni mwa msitu

Kutoka Morningside endelea na mwongozaji hadi mpaka wa hifadhi. Huhitaji kuambiwa umefika. Jua linakatika ghafla, jasho linapoa mgongoni, na ardhi chini ya viatu inakuwa laini. Vaa sweta sasa hivi, usisubiri kutetemeka.

Simama mbele ya mti mmoja mkubwa, usiende popote kwa dakika kumi. Tazama shina lake. Limefunikwa ukoga mzito wa kijani, mnene kama kiganja, na juu yake kuna mimea mingine iliyoota bila kugusa udongo. Siku ya ukungu, weka kiganja chini ya ukoga huo. Tone litaanguka. Halafu jingine. Juu hakuna mvua hata chembe. Ni ukungu unaonaswa na majani na ukoga, unageuka maji, unateremka na shina hadi chini. Sasa inama, ondoa majani makavu ya juu kwa vidole. Chini yake kuna tabaka jingine lililooza, jeusi, lenye mizizi myembamba kama nyuzi, na ukilibana linatoa unyevu. Maji yakianguka hapa hayakimbii. Yanazama, yanatembea polepole chini kwa chini, yanatokeza kwenye kijito wiki nyingi baadaye, hata katikati ya kiangazi. Mimi nimesomea mabomba, vali na pampu, na sijaona mtambo unaotoa maji taratibu hivi bila umeme na bila mtu wa kuufungua.

Rudisha majani kama yalivyokuwa.

Sasa jaza chupa ya pili kwenye kijito kinachotoka msituni. Ziweke mbili pamoja juu ya jiwe. Kama kulinyesha siku chache nyuma, ya shambani itakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na baada ya nusu saa tope litatuama chini; ya msituni utasoma mistari ya kiganja chako kupitia kwake. Tope la namna hiyo mimi nalijua kwa kuligusa. Nikiosha simtanki la mteja, chini kabisa huwa kuna tope laini, la kuteleza kati ya vidole, hata pale ambapo maji ya juu ni meupe. Mwoneshe mtoto hizo chupa mbili, usiongeze maneno. Na maji yenyewe, hata yale meupe, msinywe hivi hivi. Bebeni ya kunywa kutoka mjini, lita mbili kwa kila mtu mzima.

Wanyama wakubwa usiwatarajie. Ukitulia utasikia mbega na kima kwenye matawi, na ndege wengi zaidi ya utakaowaona. Wenye darubini wanakuja kutoka mbali kumtafuta ndege aitwaye kwa Kiingereza Uluguru bush-shrike, wa manjano tumboni na kijani mgongoni, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna vinyonga wenye pembe puani. Kuna na vyura wadogo wa jamii inayozaa watoto kamili badala ya kutaga mayai majini, jambo ambalo nilibisha mpaka mwongozaji alipokaa chini kunieleza. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita kule Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho hadi Udzungwa na Mahenge. Kila mlima umekaa peke yake kwa muda mrefu mno hata viumbe vyake vikawa vya kwake. Usishike, usichume, usibebe kiumbe chochote nyumbani, hata ua.

Jambo moja zaidi la humo ndani: siafu. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka, usisimame karibu kupiga picha. Soksi ndefu zilizovutwa juu ya suruali zinasaidia kuliko dawa yoyote.

Kuna wanaotaka kuendelea hadi kilele cha Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano unayoiona ukiwa mjini, au Lupanga, ambacho kinapita mita 2,100. Hizo ni safari za kutwa nzima zenye kibali chake, za mtu mwenye miguu iliyozoea. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, chenye mita 2,600 na ushee, kiko kusini na kinahitaji siku kadhaa. Usivichanganye na safari ya kurudi jioni.

Unachobeba

Viatu vyenye meno chini. Raba laini ya mjini itakuangusha kwenye udongo mwekundu. Fimbo, mwongozaji atakukatia ya shambani, si ya msituni. Sweta, koti la mvua hata kiangazi, kofia. Chakula kisichoharibika: mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi mbivu. Fedha ndogondogo, noti za elfu moja moja na za elfu mbili, kwa kuwa huko juu hakuna chenji. Simu iliyojaa chaji, na mfuko wa kitambaa wa kurudishia takataka zako zote, pamoja na maganda ya mayai.

Watoto kuanzia miaka kumi hivi wanaweza hadi Morningside kama mnapumzika mara kwa mara. Mzee mwenye shida ya magoti anaweza kupanda, ila kushuka kutamtesa, na afadhali abaki mjini awasubiri.

Kushuka, na kwa nini nalala

Geuzeni saa saba mchana, mkiwa mmefika popote mlipofika. Kushuka kunachosha magoti na hapo ndipo watu wengi huteleza, kwa kuwa wameshalegea. Weka hatua fupi, kisigino kwanza, fimbo mbele. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na mlimani giza hutangulia.

Mkifika chini jioni, treni ya usiku ya kwenda Dar mnaweza kuiwahi. Lakini kama una nafasi, chukua chumba gesti ya mjini, ulale, uamke saa kumi na mbili uende Soko la Chifu Kingalu wakati wale akina mama wanaingia. Nunua kwao moja kwa moja, wakati mizigo ndiyo kwanza inatuliwa: magimbi, njegere, karoti zenye udongo bado, na matunda ya msimu. Usibane bei hadi senti ya mwisho. Mwanamke yule akipata bei nzuri ya migomba na matunda ya miti, ana sababu ya kuacha miti kwenye shamba lake, na shamba lake liko juu ya bomba lako.

Kisha bajaji hadi Kihonda. Futa tope la viatu kabla ya kuingia kituoni, toa kitambulisho na tiketi mkononi, na safari hii kaa upande wa kulia.